Betri ni Shahidi, Si Mshtakiwa

Katika nyumba nyingi za askari na polisi siku hizi, pamoja na jembe la shamba na cherehani ya mama, utakuta pikipiki. Mshahara huja mara moja kwa mwezi, lakini mahitaji ya nyumba huja kila siku. Kwa hiyo familia hukopa katika chama chao cha akiba na mikopo, kama vile Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, wakanunua pikipiki na kumkabidhi kijana wa ukoo aendeshe bodaboda na kuleta hesabu jioni. Hesabu hiyo ndiyo chumvi, ndiyo sabuni, ndiyo madaftari ya watoto. Basi pikipiki inapogoma kuwaka alfajiri, jambo hilo si la kijana peke yake. Ni la nyumba nzima, na mama wa nyumba ndiye wa kwanza kuulizwa fedha za betri mpya.

Ndugu wasomaji, nataka kuzungumza nanyi juu ya hiyo betri mpya. Mimi ni mke wa polisi, nakaa Ruti katika jiji la Mbarara, na ufundi wa magari si kazi yangu. Hata hivyo nimeona kwa macho yangu, na kwa fedha za jikoni mwangu, kwamba maneno haya mawili, “betri imekufa”, yamekula akiba ya nyumba nyingi bila kutibu ugonjwa wowote. Maana betri iliyokufa aghalabu ni shahidi wa kosa, wala si mkosaji mwenyewe. Polisi mwenye akili akimkuta mtu ameanguka njiani hakimbilii kumtia pingu huyo aliyeanguka. Huuliza kwanza ni nani aliyempiga.

RUTI NA NJIA YA NAKIVALE

Ruti iko kando ya barabara kuu itokayo Mbarara kwenda Ntungamo na Kabale, hata mpaka wa Rwanda. Malori ya matela hupita hapa usiku na mchana, na mengine hulala. Tangu Mbarara ifanywe jiji tarehe 1 Julai 2020, watu wameongezeka, na vijana wa pikipiki nao wameongezeka. Shemeji yangu, yaani mdogo wake mume wangu, ni mmoja wao. Huanzia kazi yake hapa Ruti, na mara kwa mara hupata abiria au mzigo wa kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro.

Nakivale ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi katika Afrika. Yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, zama zile Wanyarwanda walipokimbia machafuko ya kwao. Leo wako humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, wakilima na kufanya biashara. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa nafasi ya kufanya kazi na kusafiri, na kwa hiyo mwenye pikipiki hakosi riziki katika njia hiyo. Lakini njia yenyewe haina huruma kwa chombo. Lami ikiisha, ni vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Kila shimo hutikisa waya, kila dimbwi hulowesha viungo vya waya, na vumbi huingia mahali ambapo hata kidole hakiingii.

Betri ya kwanza ya pikipiki yetu ilidumu miezi minne. Gereji moja ikasema betri ni mbovu, tukanunua nyingine. Ya pili haikutimiza miezi mitatu. Fundi yule yule akaitazama kwa jicho, akasema tena kuwa betri ni mbovu, na safari hii akaongeza kwamba ingefaa tununue na regulata mpya kabisa. Fedha alizozitaja zilikuwa ndizo nilizozitenga kwa ada ya muhula ya mtoto wetu wa pili. Nikamwambia shemeji, “Hatununui kitu mpaka tujue ni nini kinachoua betri hizi.”

Hata hivyo fedha hazikuwa ndilo jambo zito kupita yote. Jambo zito lilikuwa taa. Usiku mmoja shemeji alirudi kutoka Nakivale yapata saa tatu, na taa yake ya mbele ilikuwa nyekundu kama kaa linalozimika; ya nyuma haikuonekana kabisa. Alisema kipande cha mwisho cha safari alikiendesha akiwa nyuma ya basi, akiazima mwanga wake. Mume wangu amefanya kazi ya usalama barabarani kwa miaka mingi. Yeye husema machache juu ya mambo anayoyaona huko, lakini neno moja hulirudia: dereva wa lori usiku haoni mtu, huona taa. Usiku ule hakugomba. Alichukua ufunguo wa pikipiki, akautia mfukoni mwake, akasema, “Chombo hiki hakitoki tena jua likizama mpaka kipone.” Shemeji akanyamaza, maana alijua kwamba safari za jioni ndizo zenye fedha, na mkopo haungojei.

FUNDI WA NAKIVALE

Shemeji alikuwa amesikia habari za fundi mmoja Mkongo, mtu mzima, mwenye kibanda chake ndani ya makazi. Sifa yake ilikuwa moja: hagusi spana kabla ya kugusa mita. Nilikuwa na haja ya kununua maharagwe huko, kwa hiyo tukaondoka pamoja mapema asubuhi.

Kiswahili chake si kama changu. Changu ni cha kambi ya polisi, chake kimechanganyika na Kifaransa. Yeye husema “batri”, na waya ule wa kurudisha umeme kwenye fremu, ambao mafundi wetu huuita athi, yeye huuita masi. Lakini tulielewana vizuri.

“Mama,” aliniuliza, “pikipiki hii imekula batri ngapi?”

“Mbili, na sasa inadai ya tatu.”

“Na hao waliosema batri ni mbovu, walipima mara ngapi?”

“Sikuwaona wakipima, mzee.”

Akatikisa kichwa. “Basi hukumu imetangulia, kesi haijasikilizwa.” Kisha akatuambia tuiache pikipiki ipumzike, niende sokoni, nirudi baada ya saa chache, kwa maana betri iliyotoka kukimbia husema uongo, na iliyopumzika husema kweli.

Niliporudi alinieleza namna umeme wa pikipiki unavyotembea. Nitajaribu kuyaeleza maneno yake kwa lugha ya nyumbani.

MTUNGI, KISIMA NA MLANGO

Betri ni mtungi. Haizalishi kitu, huhifadhi tu. Ndani yake mna vyumba sita, na kila chumba kina sahani za risasi ndani ya maji yenye tindikali na hutoa volti mbili na kidogo. Vyote sita pamoja hufanya volti 12 na zaidi. Betri ya namna hiyo ilibuniwa na Gaston Planté wa Ufaransa mwaka 1859, na hadi leo kanuni yake haijabadilika.

Kisima ni koili zilizomo ndani ya injini, kandoni mwa gurudumu lenye sumaku. Injini ikizunguka, sumaku hupita mbele ya waya wa shaba na umeme huzaliwa. Siri hiyo aliigundua Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831. Umeme unaotoka hapo ni mkondo geu: huenda na kurudi, huenda na kurudi, na kadiri injini inavyozunguka kwa kasi ndivyo volti zake zinavyopanda. Mtungi hauwezi kujazwa kwa maji yanayoingia na kutoka.

Kwa sababu hiyo kuna mlango, nao ndio regulata. Kazi zake ni mbili. Ya kwanza, kuruhusu umeme upite upande mmoja tu, yaani kuugeuza uwe mkondo mnyoofu. Ya pili, kuzuia volti zisipite kiasi, ili mtungi usifurike na kupasuka. Kutoka mlangoni umeme hupita katika waya na soketi hadi kwenye betri, nao hurudi kwa njia ya athi. Njia ya kwenda na njia ya kurudi zote ni sawa kwa umuhimu. Mtu akifunga moja kati yake, hakuna kinachopita.

“Sasa, mama,” alisema fundi, “mtungi ukikutwa mtupu, makosa yaweza kuwa ya mtungi, ya kisima, ya mlango au ya njia. Kwa nini wote wanauhukumu mtungi?”

NAMBA TATU ZA KWANZA

Mita ya umeme si kitu cha ajabu. Ni kijisanduku chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme kwa bei iliyo chini ya bei ya betri moja. Ukitaka kupima betri, ugeuze kitufe chake kwenye volti za mkondo mnyoofu, kipimo cha 20. Kisha uweke ncha nyekundu kwenye kichwa cha betri cha chanya na nyeusi kwenye kile cha hasi. Namba itatokea. Fundi hutafuta namba tatu.

Namba ya kwanza ni ya kulala. Injini imezimwa, betri imepumzika kwa saa kadhaa. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 imepungukiwa robo, ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Na ikishuka chini ya 12 ni kama tupu. Yetu ilisoma 12.1.

Namba ya pili ni ya kuamka. Mtu mmoja hubonyeza swichi ya kuwashia, mwingine hutazama mita. Ni lazima volti zishuke, kwa sababu stata hunyonya umeme mwingi, lakini betri yenye afya haishuki sana chini ya volti 10. Betri ambayo imelala ikisoma 12.6, kisha ikibonyezwa swichi inaanguka hadi 7 au 6, hiyo kweli imekufa ndani, na hapo ndipo haki ya kununua nyingine inapopatikana. Yetu ilianguka hadi 8.7, lakini fundi hakuihukumu, kwa kuwa betri iliyoanza ikiwa na njaa haipimwi nguvu.

Namba ya tatu ndiyo mama wa zote, namba ya kukimbia. Injini imewaka na kupata joto, kisha unavuta mafuta mpaka mlio ufanane na mwendo wa barabarani. Hapo mita kwenye betri yapasa isome kati ya volti 13.5 na 14.5, au ipite hapo kidogo sana. Maana yake ni kwamba umeme unaingia. Ikibaki pale pale ilipokuwa wakati wa kulala, au ikipanda kidogo tu, betri haili. Ikipita 15, betri inalishwa kupita kiasi. Yetu ilipanda hadi 12.6 na kukwama. Na fundi alipowasha taa ya mbele, ikaanza kushuka mbele ya macho yetu: 12.3, 12.2, 12.1.

Shemeji akasema kwa haraka, “Basi ni regulata!” Yule mzee akacheka kidogo. “Kijana, umemwachilia mtuhumiwa mmoja, umemkamata mwingine, na ushahidi bado hakuna.”

KUIFUATA NJIA

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukiona katika gereji yoyote. Injini ikiwa inaunguruma, fundi hakupima tena betri. Aliweka ncha moja ya mita kwenye waya unaotoka katika regulata, na ncha nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri. Mtu angedhani kwamba mita itasoma sifuri, kwa kuwa ni waya mmoja, mwanzo wake na mwisho wake. Na kweli, waya ukiwa mzima, tofauti haizidi sehemu mbili au tatu za kumi za volti. Mita ikasoma 1.4.

Kisha akaweka ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye mwili wa chuma wa regulata. Hapo pia ingetakiwa isome karibu na sifuri. Ikasoma 0.4.

Akachukua kipande cha mkaa, akaandika juu ya ubao wa kibanda chake: 12.6, na 1.4, na 0.4. Jumla 14.4. “Tazama, mama. Mlango unatoa volti 14.4, kama inavyopasa. Kisima ni kizima, mlango ni mzima. Karibu volti mbili zinapotea njiani.”

Alifuata waya kwa vidole, akafungua soketi ya plastiki iliyofichika chini ya kiti. Ndani, plastiki ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, na shaba imeota kutu ya kijani. Maji ya madimbwi yaliingia, kutu ikazuia umeme, umeme uliozuiwa ukageuka kuwa joto, na joto likazidi kuiharibu soketi. Kisha akaifungua bolti ya athi kwenye fremu: chini yake palikuwa na tope kavu na kutu. Akaikata ile soketi, akaunganisha waya kwa kuulehemu na kuufunika vizuri. Akasugua mahali pa bolti kwa msasa mpaka chuma kikang’aa, akakaza, akapaka grisi juu yake ili maji yasiingie tena. Alipowasha injini na kupima tena kwenye betri, mita ilisoma 14.1, na taa ya mbele ikiwa inawaka ilisoma 13.7.

Malipo aliyodai hayakufika robo ya bei ya betri. Betri yenyewe, ile iliyohukumiwa kufa, aliichaji polepole hadi siku ya pili, akaipima, akairudisha mahali pake. Inaendelea kufanya kazi. Mwezi uliopita ilitimiza miezi kumi na mmoja tangu siku ile. Mume wangu alipoiona taa usiku ule, hakusema neno. Alitoa ufunguo mfukoni, akamkabidhi mdogo wake.

MARADHI MENGINE MAWILI

Si kila ugonjwa ni wa njia. Tangu siku hiyo nimekuwa na mita yangu mwenyewe, nayo imezunguka katika nyumba za majirani kuliko sufuria yangu kubwa. Nitaeleza mambo mawili niliyoyaona.

Jirani mmoja, ambaye mumewe ni askari wa jeshi, alilalamika kwamba pikipiki yao inaunguza balbu, na kwamba maji ya betri yanakauka kila wiki. Kulala ilisoma vizuri. Kukimbia ilisoma 15.9. Huo si ugonjwa wa njaa, ni wa kuvimbiwa. Kabla ya kuihukumu regulata, tulikagua athi yake, kwa sababu baadhi ya regulata zikipoteza athi nzuri hupima vibaya na kulisha kupita kiasi. Athi ilikuwa safi. Hapo regulata ndiyo iliyokuwa na hatia, ikabadilishwa, na maji yakaacha kukauka.

Ugonjwa wa pili ni wa mwizi wa usiku. Pikipiki inachaji vizuri, namba ya kukimbia ni 14.2, lakini ikilala siku mbili haiwaki. Katika hali hii kuna kitu kinachonyonya betri ilhali ufunguo umezimwa. Dawa yake ni kuondoa fyuzi, kugeuza mita kwenye ampea, kuanzia kipimo kikubwa, na kuweka ncha zake mahali pa fyuzi. Pikipiki ndogo ya kawaida, ufunguo ukiwa umezimwa, haipaswi kunyonya kitu, isipokuwa chembe ndogo sana ya ampea. Pikipiki ya kijana huyo ilikuwa inanyonya karibu nusu ampea. Betri yake ni ya ampea-saa 5. Basi piga hesabu mwenyewe: saa kumi tu zatosha kuimaliza. Mwizi alikuwa king’ora cha kuzuia wizi, kilichofungwa ovyo na waya wake umechubuka.

Na ikiwa namba ya kukimbia ni ndogo, na njia zote ni safi, ndipo kisima kinapopimwa. Soketi ya regulata huchomolewa, mita hugeuzwa kwenye volti za mkondo geu, na waya zitokazo katika injini hupimwa. Volti lazima zipande kwa makumi injini inapovutwa mafuta. Zikiwa waya tatu za rangi moja, kila jozi isome sawasawa na nyingine. Jozi moja ikiwa pungufu, koili imeungua. Mafundi wengine hupima pia kama koili imegusana na fremu, lakini tahadhari: zipo pikipiki ndogo ambazo koili yake imeungwa na fremu tangu kiwandani, na kwa hizo kipimo hicho kitamsingizia asiye na kosa.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Wako mafundi wa kando ya njia ambao hupima kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka, wakisema ikizimika basi haichaji. Usikubali. Betri ikiondolewa ghafla, volti zaweza kuruka juu na kuunguza regulata, balbu na kile kisanduku cha kuwashia plagi. Hali kadhalika usikubali kupima kwa kugusanisha waya ili kuona cheche.

Betri inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Usiiweke jikoni karibu na moto, wala mtu asivute sigara karibu nayo. Ukifungua betri, anza na waya wa hasi. Ukiirudisha, waya wa hasi uwe wa mwisho. Maji yakipungua, ongeza maji safi ya betri yasiyo na tindikali. Si maji ya kisima wala ya mvua. Tindikali ikirukia jicho, osha mara moja kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha nenda zahanati.

Wengi wetu, na hasa ndugu zetu wa Nakivale, tunachaji betri kwa umeme wa jua. Ni jambo jema, ila sahani ya jua iitwayo ya volti 12 yaweza kutoa volti 17 na zaidi jua linapokuwa kali. Pasipo kidhibiti chake katikati, utaikaanga betri uliyotaka kuiokoa. Chaji polepole: betri ya ampea-saa 5 inapenda nusu ampea kwa muda wa saa kumi na zaidi.

Mwisho, betri iliyokufa kweli isivunjwe uani. Risasi ni sumu, na huwadhuru watoto wadogo zaidi, kwa kuingia ubongoni polepole bila mzazi kuona. Muuzie mnunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima.

DAFTARI LA JUMAPILI

Akina mama wenzangu, na ninyi akina baba mlio kambini, hatuhitaji kuwa mafundi ili kulinda mali yetu. Jina la volti latokana na Alessandro Volta, Mwitalia aliyeunda betri ya kwanza mwaka 1800. Tangu siku zile umeme umekuwa na kipimo, na kitu chenye kipimo hakihitaji kukisiwa. Mimi nina daftari dogo lililoning’inia msumarini, pale pale ninapoandika sukari na mafuta ya taa. Kila Jumapili asubuhi, kabla pikipiki haijaguswa, shemeji hupima namba ya kulala. Kisha huwasha na kupima namba ya kukimbia, taa ikiwa imezimwa, halafu ikiwa inawaka. Mtoto wetu wa pili huandika. Kazi hiyo haichukui dakika kumi. Namba zikianza kuteremka, hata kidogo, tunajua mapema, wiki nyingi kabla ya taa kuwa nyekundu njiani.

Daftari hilo lina faida nyingine. Kijana akisema hesabu imepungua kwa sababu pikipiki iligoma, hakuna ugomvi wala shuku. Tunafungua ukurasa na kuangalia. Na fundi akisema nunueni hiki, namwomba kwa heshima anionyeshe namba. Fundi wa kweli hachukii ombi hilo, hulifurahia. Anayechukia, nimeshajua kwamba amekuja kuuza.

Betri za pikipiki zitakufa, kama kila kilichotengenezwa kwa mikono ya watu. Lakini ife kwa uzee wake, si kwa njaa ambayo hakuna aliyeitafuta. Kabla fedha za ada hazijatoka sandukuni, na kabla kijana wenu hajaingia barabarani usiku mbele ya malori, pimeni.